Mistari Miwili ya Nyumbani

Kila chama cha kusaidiana cha watu wa kwetu walioko ughaibuni kina daftari. Katiba inaweza kupotea, mhuri unaweza kubaki kwa katibu wa zamani aliyehamia Texas, lakini daftari lazima liwepo. Simu inapolia saa nane za usiku kwamba fulani hatunaye tena, jambo la kwanza ni kujua fulani huyo ni nani hasa: jina lake la pasipoti, ndugu yake wa kupigiwa, kijiji chake, michango yake, na pale alipotaka alazwe. Sisi tunaoandika haya ni watatu, tunaotunza daftari la chama kimoja kidogo hapa Richfield, mji uliobanwa kusini mwa Minneapolis kati ya barabara ya 62, ile ya 494 na uwanja wa ndege. Mhazini ni mama mtu mzima wa Tanga, anafanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Katibu ni dereva. Wa tatu ni kijana wetu, ambaye ofisi moja ya mjini inamlipa kuuliza hifadhidata maswali mchana kutwa, na jioni anatuulizia sisi bure.

Jambo tunalotaka kuwasimulia ni la kazi yake, lakini limetugusa sote: namna ya kugeuza mistari kuwa safu.

Msikimbie. Tunajua neno hifadhidata huwafanya baadhi yenu mfunue haraka ukurasa wa mapishi. Hatutaandika hapa lugha ya kompyuta, na yeyote aliyewahi kumwona karani akigawa barua katika masanduku ya posta atatuelewa mpaka mwisho.

Daftari letu la kwanza lilikuwa kaunta buku yenye jalada gumu, iliyonunuliwa Nairobi ikaletwa ndani ya sanduku pamoja na majani ya chai. Kila familia ilikuwa na ukurasa wake. Ukurasa ukijaa, iliandikwa pembeni. Pembeni pakijaa, ilibandikwa karatasi. Baadaye likaja jedwali la Excel. Hapo kila mwanachama akapewa mstari wake, unaokwenda kutoka kushoto hadi kulia, na kila swali likapewa safu yake, inayoshuka kutoka juu hadi chini: jina, simu, mkoa, mchango. Safu zilikuwa sita tu, na karatasi moja ilitosha.

Lakini msiba una maswali yake, na kila msiba ulituachia jipya. Wa kwanza ulitufanya tuulize jina lililoandikwa kwenye pasipoti, kwa sababu mtu tuliyemwita miaka yote kwa jina la mwanawe wa kwanza hakuwa na jina hilo mahali popote serikalini. Mwingine ulitufanya tuulize nani ana gari la watu saba. Familia za Kongo zilipoanza kufika kupitia kambi za Tanzania na Burundi, na Kiswahili chao cha Uvira na Fizi, tukahitaji kujua nani anasema Kibembe, maana bibi mmoja aliyelazwa hospitalini hakuelewana na mkalimani aliyeletewa. Harusi nayo haikuachwa nyuma: nani hali karanga? Tukafikia safu 43. Wengi walikuwa na majibu katika saba au nane, na zilizobaki zilikuwa tupu kama rafu za duka la kijijini mwisho wa mwezi. Kuchapa daftari kulihitaji karatasi nne zilizounganishwa kwa selotepu. Na mwenye simu tatu alikosa pa kuziweka zote, kwa sababu safu za simu zilikuwa mbili.

Ndipo kijana wetu alipolivunja jedwali lile akalijenga upya, jioni moja ya Jumamosi katika maktaba ya Augsburg Park iliyoko Nicollet. Jedwali jipya lilikuwa na safu nne tu: nani, nini, jibu, lini. Mwanachama wa 17, simu, namba yake, tarehe aliyoitoa. Mwanachama wa 17, kijiji, jina la kijiji, tarehe. Mwanachama wa 17, gari, watu saba, tarehe. Kila jambo moja kuhusu mtu mmoja likawa mstari unaojitegemea. Swali jipya likizuka halihitaji safu mpya. Unaongeza neno tu katika safu ya nini. Mwenye simu tatu ana mistari mitatu. Asiye na gari hana mstari wa gari, na hakuna nafasi inayopotea kwa ajili ya gari asilokuwa nalo.

Tuliona ni jambo la akili sana, mpaka mhazini alipovaa miwani yake akaitazama skrini ile yenye mistari zaidi ya elfu moja, yote ikifanana.

"Mwanangu," akasema, "hapa mtu yuko wapi?"

Swali lake ndilo lililotuingiza katika hadithi hii. Mtu alikuwepo, lakini ametawanyika. Mwanachama wa 17 alikuwa na mistari 23, mingine juu, mingine katikati, mingine chini kabisa, kila mmoja ukijua jambo moja tu juu yake. Jedwali la namna hiyo linampendeza anayeandika na kumchosha anayesoma.

Kijana wetu, ambaye amekulia Eldoret, akatuambia kwamba shida hiyo ina historia kwao, tena historia ya uhai na kifo. Wengi wa wasomaji wetu wamepita Mosoriot wakiwa ndani ya matatu ya Eldoret kwenda Kapsabet, wakaona kituo cha afya kando ya barabara, wasijue kilichofanyika pale. Mwaka 2001 kituo hicho kilianza kutumia hifadhidata ya kompyuta kuandika kila mgonjwa anayefika, kazi iliyofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani. Zilikuwa kompyuta mbili zilizounganishwa, na betri za sola za kuziokoa umeme unapokatika. Programu yenyewe ilikuwa Microsoft Access, ile ile ambayo ofisi nyingi zilitumia kuhesabu viti na meza.

Mwaka huo huo wa 2001 ulianza mpango wa AMPATH, uliounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ili kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Wagonjwa wakaongezeka kwa maelfu. Hali ya tiba ya miaka ile tunaikumbuka wote: dawa mpya, kipimo kipya, fomu mpya ya daktari kila baada ya muda mfupi. Jedwali lenye safu kwa kila swali haliwezi kukimbia kwa mwendo huo, kwa sababu kila swali jipya linataka fundi aje alipasue jedwali na kulishona upya. Mwaka 2004 madaktari wawili wa taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikwenda Eldoret wakaona kwamba mfumo uliopo hautaweza kubeba mzigo unaokuja. Wao walitoka mahali ambapo, tangu mwaka 1972, kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa zikitunzwa kwa namna nyingine: kila kipimo mstari wake. Mwaka huo ikaanza kazi ya OpenMRS, programu isiyouzwa, ambayo kila mwenye ujuzi anaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha, na mwaka 2006 ikaanza kufanya kazi Eldoret, kisha Rwanda. Leo mifumo ya kliniki inayojulikana kama KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu yake.

Moyo wa programu hiyo ni jedwali moja linaloitwa obs, nalo ni ndugu wa daftari letu: nani, nini, jibu, lini. Hapo nini haiandikwi kwa neno bali kwa namba kutoka katika kamusi maalumu. Uzito ni 5089. Urefu ni 5090. Kipimo cha CD4, kile kinachohesabu askari wa mwili, ni 5497. Mgonjwa akija kliniki siku moja anaweza kuacha nyuma yake mistari thelathini au arobaini. Baada ya miaka mitatu ana mamia. Kilichoandikwa vibaya hakifutwi, bali huwekewa alama ya kubatilishwa, na anayeuliza lazima akumbuke kukiruka. Hakuna kinachopotea, lakini hakuna daktari mwenye foleni mlangoni anayeweza kusoma mamia ya mistari ya namba. Daktari anataka karatasi moja: tarehe zishuke kushoto, na mbele ya kila tarehe uzito, CD4 na dawa, kila kimoja katika safu yake, ili jicho likiteremka lione kama mtu anapanda au anashuka.

Kwa hiyo mistari lazima igeuzwe kuwa safu. Tulimwomba kijana atueleze inavyofanyika, na maelezo yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba tunayarudia kama alivyoyatoa.

Kwanza, akasema, unakusanya pamoja mistari yote ya mtu mmoja, kama karani anayetupa barua zote za sanduku 17 ndani ya sanduku 17. Kisha unatangaza safu unazozitaka. Tuseme unataka safu ya simu. Unapita kwa kila mstari wa mtu huyo ukiuuliza: wewe ni wa simu? Kama ndiyo, toa jibu lako. Kama siyo, nyamaza. Mistari 23 ikiulizwa, mmoja unasema na 22 inanyamaza. Halafu unataka safu ya kijiji, unaanza tena: wewe ni wa kijiji? Tena mmoja unasema na 22 inanyamaza. Mwisho lazima mistari yote 23 ibanwe iwe mmoja, na hapo hutumika amri inayoitwa MAX, yaani chukua lililo kubwa kuliko yote. Mhazini akauliza kwa nini lililo kubwa. Kwani tunashindanisha mihogo? Kijana akacheka. Akasema ni ujanja tu. Kwa kuwa kimya hakihesabiwi, na aliyesema ni mmoja, basi yeye ndiye mkubwa kuliko wote, apende asipende.

Microsoft waliweka amri ya kufanya kazi hii kwa neno moja, PIVOT, katika hifadhidata yao ya mwaka 2005, na Oracle wakafuata mwaka 2007. MySQL, hifadhidata iliyobeba OpenMRS tangu mwanzo, haina amri hiyo, kwa hiyo mafundi wa Eldoret na Kigali waliandika kwa mkono, safu baada ya safu, wewe ni wa uzito, wewe ni wa CD4. Na hata mwenye PIVOT hajaokoka sana, kwa sababu nayo inadai uitajie majina ya safu mapema. Kompyuta haitakuambia swali gani ni la maana. Hilo linabaki kwako.

Sasa tufike kwenye kiini. Tulipogeuza daftari letu kwa mara ya kwanza na kulichapa, tuliona kitu ambacho mistari elfu moja haikutuonyesha: mashimo.

Katika mistari hakuna mtu anayekosa kitu. Mstari ni jambo lililosemwa. Ambalo halikusemwa halina mstari, na huwezi kuliona hata ukikaa unasoma mpaka alfajiri. Lakini ukisimamisha safu, kila mtu anasimama mbele ya kila swali, na asiyejibu anaonekana. Safu yetu ya ndugu wa kupigiwa ilikuwa na visanduku vitupu zaidi ya kumi. Watu tunaokula nao pilau kila Idi na kila Krismasi, na kama wangeanguka usiku ule, tusingejua tumpigie nani.

Tuliangaliana, kwa kuwa mmoja alikuwa tayari ameanguka. Miaka michache kabla ya hapo, katika Februari yenye baridi ya kupasua masikio, tulimpoteza mwenzetu mmoja wa Uvira aliyeishi peke yake katika chumba cha kupanga karibu na barabara ya Penn. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa alama ya kidole. Michango yake ilikuwa kamili, kijiji chake kilikuwa kimeandikwa, gari lake liliandikwa, hata kwamba hali karanga iliandikwa. Ndugu wa kupigiwa hakuwepo, na hakuna aliyejua kwamba hayupo. Ilichukua siku tisa. Aliyetuokoa ni mwanakwaya mmoja aliyekumbuka kwamba marehemu aliwahi kutaja dada aliyebaki Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma, na kutoka kwa mwanakwaya huyo simu ikapita mikono sita mpaka kwa dada. Siku tisa dada yule alikuwa akipika, akifua, akicheka na majirani zake, na kaka yake yuko ndani ya jokofu Minnesota.

Eldoret waliyajua mashimo haya kwa njia yao. Waliwatengenezea madaktari karatasi ya muhtasari, iliyotolewa na kompyuta kutoka katika ile mistari, na juu yake kumbusho: mgonjwa huyu amepitisha muda wa kipimo cha CD4. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalilinganisha kliniki mbili. Katika ile iliyopata karatasi zenye kumbusho, kipimo kilichokuwa kimechelewa kiliagizwa kwa asilimia 53. Katika ile ambayo haikupata, asilimia 38. Elimu ya tiba ni ile ile pande zote mbili. Tofauti ni kwamba upande mmoja kisichokuwepo kiliandikwa mahali ambapo daktari atakiona.

Kwa hiyo tangu tulipochapa karatasi ile, kila Jumapili jioni mhazini anapiga simu akijaza mashimo. Anaanza na salamu, anauliza watoto, anauliza mgongo, anauliza theluji ya huko upande wa Brooklyn Park, halafu ndipo anafika kwenye daftari. Ndege ikipita juu ya nyumba anasema "subiri", inapita, anaendelea. Waliozoea Richfield wanajua kwamba mazungumzo yetu yote yana vituo vya namna hiyo.

Kuna safu moja tuliyokataa kuisimamisha. Mwanachama mmoja, kwa nia njema kabisa, alipendekeza tuandike nani ana karatasi na za aina gani, ili mtu akipata shida mwanasheria apatikane haraka. Katibu alielekea kukubali. Mhazini akagonga meza. Si jibu tu linalosema, akatwambia. Tukisimamisha safu hiyo, hata aliyenyamaza atakuwa amesema, kwa sababu kisanduku chake kitakuwa kitupu katikati ya vilivyojaa. Sisi watatu tumekaa na neno hilo muda mrefu. Tunaona ana haki. Shimo linalomwokoa mtu katika safu ya ndugu wa kupigiwa linaweza kumwangamiza katika safu nyingine, na karatasi iliyochapwa haichagui itaokotwa na nani. Mwanasheria tutamtafuta kwa simu.

Baada ya mashimo ikaja shida ya pili, nayo ni kinyume chake: penye majibu mawili.

Kijana alituonyesha makusudi, kabla hatujaitumia karatasi kwa jambo lolote. Tulikuwa tumeuliza watu nyumbani ni wapi, kwa neno hilo hilo moja, nyumbani. Watu walijibu kwa nyakati tofauti. Mwanachama mmoja, mwaka aliofika, alisema Bungoma. Miaka kumi baadaye, akiwa na nyumba yake na watoto watatu shuleni, alisema Richfield. Mwingine alisema Voi, kisha naye Richfield. Katika mistari hakuna ugomvi: kila mmoja ana mistari miwili ya nyumbani, yenye tarehe mbili, na yote imekaa kwa amani. Lakini safu ina kisanduku kimoja. Na MAX, tukumbuke, huchukua lililo kubwa. Katika maneno, kubwa ni lile linalokuja mwisho kwa alfabeti.

"Huyu wa Bungoma nani kamhamisha?" mhazini akauliza, kidole kiko juu ya karatasi.

R inakuja baada ya B. V inakuja baada ya R. Mtu wa Bungoma akawa wa Richfield, na mtu wa Voi akabaki wa Voi, wala si kwa mapenzi yao bali kwa mpangilio wa herufi. Kompyuta haikuonya, haikuweka hata alama. Karatasi ilionekana safi kuliko zote tulizowahi kuchapa.

Tulicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe, maana safu hiyo ndiyo itakayosomwa siku ya kusafirisha mwili. Nyumba ya mazishi ya hapa haikuulizi historia ya mtu. Inakuuliza: anazikwa hapa au anasafirishwa, na kama anasafirishwa, uwanja gani wa ndege? Inataka neno moja.

Wasomaji wetu wa Kenya hawahitaji kukumbushwa kesi ya S.M. Otieno, lakini tunao vijana waliozaliwa hapa. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, katika shamba lao. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Mwili ulikaa chumba cha maiti zaidi ya miezi mitano huku mawakili wakibishana mahakamani kuhusu tofauti kati ya nyumba na nyumbani, mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo haki, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Nchi nzima ilifuata. Baadhi yetu tulikuwa watoto na tunakumbuka magazeti yakisomwa kwa sauti vibarazani. Mtu mmoja, mistari miwili ya nyumbani, na kisanduku kimoja.

Tukabishana jikoni kwa mhazini mpaka chai ikapoa. Kijana alisema njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuchukua jibu la karibuni zaidi kwa kuangalia tarehe. Ya pili ni kuyaunganisha majibu yote katika kisanduku kimoja na mkato katikati: Bungoma, Richfield. Ya tatu ni kuacha kuuliza nyumbani, na badala yake kuuliza maswali mawili yenye safu mbili: umezaliwa wapi, na ungependa kuzikwa wapi.

Katibu alitaka tarehe. Neno la mwisho la mtu ndilo neno lake, alisema, hata wosia huenda hivyo. Mhazini hakukubali. Alisema yeye hukaa na wazee usiku na anawasikia. Mzee anayesema Jumatatu nizikeni hapa karibu na wajukuu, Alhamisi analia akitaka kurudishwa kwa mama yake aliyekufa miaka hamsini iliyopita, na la Alhamisi si la kweli zaidi kuliko la Jumatatu. Katibu akasema hayo ni ya wagonjwa. Mhazini akamuuliza, na wewe shemeji, kwa sasa u mzima, nyumbani ni wapi? Katibu akaomba apitishiwe sukari.

Tulichoamua kina viraka, na kijana alisema bosi wake asingekubali kamwe. Safu ya kuzaliwa ni moja na haina shida. Safu ya kuzikwa inachapa majibu yote ya mtu, la karibuni likiwa mbele, kila moja na mwaka wake. Baadhi ya visanduku vina jibu moja. Vichache vina matatu. Karatasi imepoteza usafi wake, mistari mingine ni minene kuliko mingine, na ikisomwa haraka inachanganya. Lakini familia itakapoketi kuamua, itayaona maneno ya mtu wao kwa mfuatano aliyoyasema, na itaamua yenyewe, wala si herufi za alfabeti wala sisi watatu. Nyumba ya mazishi itapewa neno lake moja baada ya hapo.

Yule wa Bungoma tulimpigia kumweleza, kwa sababu tulimwona amehamishwa mara mbili katika wiki moja. Alicheka sana. Halafu akanyamaza, ndege ikapita, akasema tuyaache yote mawili kwanza, na tuongeze kwamba kama ni hapa, basi isiwe majira ya baridi, ardhi ikiwa ngumu namna ile. Kijana akauliza hilo liingie safu gani. Tukaliandika kama mstari wa kawaida: nani, nini, jibu, lini. Safu yake haijapatikana.

Daftari sasa linachapwa kila baada ya miezi mitatu. Mashimo ya ndugu wa kupigiwa yamebaki mawili, na wenyewe tunawajua. Mmoja anasema hana mtu, na mhazini amejiandika yeye kwa kalamu. Katika safu ya kuzikwa mashimo ni mengi zaidi. Wiki iliyopita katibu aliipitisha rula chini ya kila jina, akafika kwa mhazini mwenyewe, akakuta kisanduku kitupu. Akamwonyesha.

"Andika kwanza simu mpya ya dada yangu wa Tanga," mama akasema, akivaa koti. "Hilo jingine niachieni. Saa tano naingia kazini."

Tumeandika simu.